Ziara ya Tatu

Kipimo cha saa sita mchana hakukiandika yeye.

Sanatu aliisogeza karatasi dirishani akaitazama tena. Nukta ya wino wa bluu, mstari mwembamba uliopigwa kwa rula kuiunganisha na nukta ya asubuhi, na pembeni, kwa mwandiko wake mwenyewe, na ile saba yake anayoikata katikati: nyuzi 37.2. Alikuwa ameacha nafasi ile wazi alipokwenda kuoga, kwa sababu bado alikuwa anafikiria aandike ngapi. Mgonjwa mwenyewe alikuwa na siku kumi na moja kaburini.

"Asibi, umeshika kisa changu?"

Asibi, waliyekuwa wakiishi naye chumba kimoja bwenini, alikuwa amejilaza na sahani ya wali wa kunde kifuani. "Nishike chako wakati changu kimenishinda? Yule mzee wangu wa ngiri amepata nafuu mpaka anataka kunioa. Jana nabadilisha bandeji, ananiuliza kwetu mahari ni ng'ombe wangapi."

"Umemwambiaje?"

"Nimemwambia kwanza akojoe vizuri."

Sanatu hakucheka. Alifunga jalada, akaliweka chini ya mto, akajiambia kwamba usingizi ndio uliomwandikisha.

Kila mwanafunzi wa mwaka wa mwisho pale chuoni Tamale alitakiwa kuandika kisa. Unachagua mgonjwa mmoja siku anayopokelewa wodini, unamuuguza kwa mikono yako mpaka aruhusiwe, na unakwenda kwao mara tatu. Mara ya kwanza akiwa bado kitandani, ujue wanakunywa maji gani na wanatumia choo gani. Mara ya pili akisharudi nyumbani. Mara ya tatu ni ya kumaliza uuguzi, nayo ndiyo yenye masharti: lazima umuage mgonjwa kwa maneno, na uandike kwamba umemkabidhi kwa mtu fulani mwenye jina. Asiye na kisa haingii kwenye mtihani wa leseni. Mgonjwa akifa kabla hajaruhusiwa, kisa nacho kimekwisha, unaanza na mwingine.

Sanatu alikwisha kuanza mara mbili. Wa kwanza alikuwa kijana aliyevunjika paja. Ndugu zake walikuja siku ya sita, wakamfungua ile mizigo inayouvuta mguu, wakampakia kwenye pikipiki ya matairi matatu, wakampeleka kwa fundi wa mifupa kijijini. Wa pili alikuwa Mma Lamnatu, mma kwao ni mama, mwanamke wa miaka hamsini na minane. Homa ya matumbo ilikuwa imemtoboa utumbo, akapasuliwa usiku uleule aliofika. Sanatu alimwogesha, alimpima, alimpigania mpira wa puani usizibe. Siku ya tisa, Alhamisi, Sanatu alikuwa mapumzikoni. Ijumaa asubuhi alikuta godoro la kitanda namba saba limekunjwa na fremu inanuka dawa ya kuulia wadudu.

Zilibaki siku ishirini za kukabidhi kisa. Hakuna mtu anayepokelewa, akapasuliwa, akapona na kutembelewa mara mbili nyumbani ndani ya siku ishirini.

Wanafunzi waliotangulia walimwonyesha njia. Walimwambia mmoja mmoja, kwa sauti ileile, wakiangalia pembeni: wewe andika tu. Nani atakwenda kumtafuta?

Basi akamwandika. Siku ya tisa aliandika kwamba sauti za matumbo zimesikika pande zote nne. Siku ya kumi akautoa mpira wa puani na kumpa uji mwembamba kijiko kijiko. Siku ya kumi na mbili akatoa nyuzi, moja ndiyo moja siyo, kidonda kikavu, hakina usaha. Siku ya kumi na nne akamruhusu. Ziara ya kwanza ilikuwa ya kweli, kwa hiyo nyumba aliijua: chumba cha duara cha Mma, mtungi wa maji usio na kifuniko, na Zuwera, mke wa mwanawe Mma, msichana mrefu mwenye maneno machache aliyekuwa ndiye anayeshinda nyumbani. Ziara ya pili aliiandika akiwa kitandani kwake bwenini, na aliiandika vizuri. *Nilimkuta mgonjwa ameketi kwenye kigoda mlangoni mwa chumba chake, anakata bamia mbichi. Zuwera ndiye anayembebea maji ya kuoga kila mchana na kumlisha uji.* Alijisifu kidogo kwa zile bamia. Alihisi zinaifanya nyumba ionekane.

Jumanne Madam Kande alipita wodini. Huyu alikuwa mkufunzi wao wa uuguzi wa magonjwa na upasuaji, mwanamke mkavu asiyecheka, anayefika wodini mara moja kwa wiki na kusoma kila ukurasa wa kila kisa akiwa amesimama. Aliufikia ukurasa wa ziara ya pili, akausoma, akatia saini.

"Anaendelea vizuri mgonjwa wako."

"Ndiyo, Madam."

"Ziara ya tatu lini?"

"Alhamisi, Madam."

"Unamkabidhi kwa nani?"

"Bado sijaamua, Madam."

Madam Kande alimrudishia jalada akaenda kwa mwingine. Sanatu alibaki amesimama pembeni ya kitanda namba saba, ambacho tangu Ijumaa ile hakikulaliwa na mtu, akasikia harufu. Aliijua. Ni ile inayotoka bandeji inapofunuliwa juu ya kidonda kilichoharibika ndani, tamu kidogo, iliyochanganyika na spiriti. Aliinua shuka. Godoro lilikuwa kavu, safi, na katikati yake lilikuwa limebonyea kwa upana wa mgongo wa mtu.

Siku hiyohiyo, saa tano na nusu, Zuwera alikuja. Alisimama karibu na masinki ya kunawia mikono, nje ya mlango wa wodi, akiwa ameshika ukuta. Sanatu alimtambua kwa urefu tu, maana mashavu yalikuwa yameingia ndani.

"Umefuata cheti cha kifo?"

"Mma anakuuliza, Sista."

Sanatu alitazama nyuma yake. Wauguzi walikuwa wanagawa dawa. Akamvuta Zuwera mpaka kwenye kona ya ndoo za taka. "Zuwera. Mma amefariki."

"Unaniambia mimi? Mimi ndiye niliyeushika mguu wake wakati anaoshwa." Alizungumza polepole, kama mtu anayehesabia pumzi zake. "Tulimaliza dua ya siku ya saba, wageni wakaondoka. Kesho yake natoka kufagia, nakuta kigoda chake kiko nje, mlangoni. Na bamia zimekatwa, zimewekwa kwenye kibuyu. Mbichi, Sista. Mwezi huu wa vumbi, mto umekauka, soko zima hakuna bamia mbichi. Nani kazileta?"

Sanatu alizikumbuka zile bamia za ukurasa wake. Hakuwa amefikiria msimu.

"Mume wangu akasema ni watoto. Sawa. Sasa kila siku, adhana ya adhuhuri ikiisha, najikuta nimebeba ndoo. Sikumbuki kuijaza. Najikuta niko mle ndani, mikono imelowa mpaka kwenye viwiko, na bakuli la uji niliouacha jikoni liko mkononi mwangu, halina kitu."

"Nani anaula?"

"Amenipa mgongo. Sijamgeuza."

"Na anasema nini?"

"Anasema muuguzi wake hajamaliza. Anauliza mara ya tatu ni lini."

Sanatu alimshika mkono ili asianguke, na ule mkono ulikuwa moto. Akamgusa tumbo juu ya kanga. Lilikuwa gumu kama ubao, na Zuwera aliuma mdomo asipige kelele. Alihitaji kitanda, dripu na daktari mpasuaji, na alivihitaji saa ileile. "Hutoki hapa," Sanatu alimwambia. "Unalala. Namwita daktari."

"Siwezi. Saa sita inakaribia."

"Zuwera, utakufa."

"Najua," alisema Zuwera, kisha akaanza kutembea, na Sanatu aliyekuwa amemshika kwa mikono yote miwili akaburutwa naye korido nzima, viatu vikiteleza kwenye sakafu iliyopigwa deki, na mgonjwa yule aliyeshindwa kusimama bila ukuta hakupunguza hata hatua moja, mpaka getini, ambapo vidole vya Sanatu vilichoka vikaachia.

Alirudi bwenini mbio. Alichana ukurasa wa ziara ya pili, akaupeleka nyuma ya jiko la chuo, akauchoma, akayavuruga majivu kwa kijiti. Aliporudi chumbani, jalada lilikuwa wazi kitandani. Ukurasa ulikuwepo, na saini ya Madam Kande ilikuwepo, wino haujapauka. Baada yake palikuwa na ukurasa mwingine ambao hakuwahi kuuanza. *Ziara ya tatu. Alhamisi. Mgonjwa hana malalamiko. Nimemkabidhi kwa*, na baada ya hapo vitone, mstari mzima wa vitone vilivyopangwa sawasawa, vinavyosubiri.

Jioni Asibi aliingia amebeba vitabu. Kila jioni waliulizana maswali ya mtihani, na hakuona sababu ya kuacha siku hiyo. "Haya, mwanamke. Mgonjwa wa upasuaji wa tumbo, siku ya tano, amekohoa, anasema amesikia kitu kimeachia ndani. Ukifunua, kidonda kimefumuka na utumbo uko nje. Utafanya nini?"

"Nampima, namlaza, magoti yakunjwe," Sanatu alijibu bila kugeuka. "Nafunika kwa shashi safi iliyoloweshwa maji ya chumvi. Nafunga kinywa, hali wala hanywi. Natuma mtu amwite daktari."

"Utumbo unaurudisha ndani?"

"Siurudishi."

"Unakimbia mwenyewe kumwita daktari?"

"Simwachi mgonjwa."

"Umefaulu. Mbona hugeuki?" Asibi alichungulia jalada juu ya bega lake. "Ah, umekwama kwenye wa kukabidhiwa? Si uandike mimi. Asibi, muuguzi wa jamii mtarajiwa, mrembo, hajaolewa." Akaielekeza kalamu kwenye vitone.

Sanatu aliipokonya kalamu ile kwa nguvu iliyomchana Asibi kiganja. "Usilitaje jina lako hapa. Tafadhali."

Asibi alinyonya damu kiganjani akamtazama. Usiku huo alihamishia godoro lake chumba cha jirani.

Jumatano Sanatu alikwenda kwa Afa Dokurugu, mwalimu wa chuo cha Kurani aliyesomesha karibu na nyumba ya Mma na ndiye aliyemsalia jeneza. Alimkuta anachonga kalamu za mbao. Sanatu alisema yote, na hakujipunguzia kitu. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho.

"Lamnatu yuko alikolala," alisema. "Hilo lisikusumbue. Aliyekufa harudi kudai uji. Ila kuna viumbe havina jina wala nyumba, na kazi yao ni kutafuta jina lililoachwa wazi. Wewe umechukua jina la mtu aliyeondoka, ukalipa kitanda, ukalipa joto la mwili, chakula, mlango wa kukaa na mtu wa kulihudumia. Jini gani atakataa?"

"Afa, nisomee litoke."

"Litahama. Hilo nalijua, na lenyewe linalijua, ndiyo maana limekuwekea nafasi ya jina. Andika jina lolote pale. Siku hiyohiyo litamwacha binti Zuwera na kumfuata huyo mwingine, nawe utafanya mtihani wako kwa raha zako. Hata jina la mtu usiyemjua linatosha."

"Na nikiandika kwamba amekufa?"

"Umemwandika hai kurasa ngapi?"

"Kumi na saba."

"Basi mstari mmoja wa kalamu hautoshi." Aliipuliza mbao aliyokuwa anachonga. "Mimi ninaosha maiti. Huyo si maiti, hana kitu cha kuoshwa na mimi. Nitasoma nikiwa mlangoni. Ndani utaingia wewe. Mgonjwa ni wako."

Alhamisi saa sita kasorobo Sanatu alifika na trei yake ya bandeji. Alivaa sare kamili, saa ya kifuani imebanwa. Mume wa Zuwera, dereva wa lori la viazi vikuu, alikuwa ameketi uani ameshika kichwa. "Nimemfunga kamba mara mbili," alisema. "Zinafunguka bila kukatika." Afa Dokurugu alikuwa tayari ameketi kwenye kizingiti cha chumba cha duara. Adhana ilipokwisha, Zuwera alitoka jikoni na ndoo. Aliwapita wote watatu bila kuwaona, na Sanatu akaingia nyuma yake.

Mwanga wa mchana uliingia mlangoni na kuishia hatua mbili tu ndani. Harufu ilikuwepo, ile tamu, nzito kiasi cha kuonjeka. Zuwera alitua ndoo, akageukia ukuta, akabaki hivyo paji la uso likiwa limeugusa udongo. Kwenye godoro, akiwa ameupa mlango mgongo, aliketi mtu aliyevaa gauni la hospitali, na tone la dripu lilikuwa linadondoka mahali fulani ingawa hapakuwa na chupa.

"Mgonjwa wa upasuaji wa tumbo," sauti ilisema, "siku ya ishirini na tatu, anasema amesikia kitu kimeachia ndani. Muuguzi afanye nini?"

Haikuwa sauti ya Mma Lamnatu. Ilikuwa ya Sanatu mwenyewe, ile anayosomea maswali, yenye kupanda kidogo mwishoni.

"Asimwache mgonjwa," kinywa chake kilijibu kabla hajakizuia, na papo hapo miguu yake ikawa mizito kama imefunikwa mchanga mpaka magotini, na kisomo cha Afa pale mlangoni, hatua tatu tu kutoka alipo, kikawa mbali, kama redio inayosikika kutoka nyumba ya tano, halafu ya kumi, halafu kikawa hakisikiki.

"Sahihi. Na kama muuguzi anataka kuondoka?"

Sanatu alijaribu kunyanyua mguu, haukunyanyuka.

"Anamkabidhi kwa mwingine. Jina tu, Sista. Yule muuguzi wa kliniki ya mama na mtoto anaitwa nani? Yule mfagiaji wa wodi? Nitajie yeyote. Huyu hapa amekwisha, mchana huu haumalizi."

Zuwera aliteleza taratibu ukutani mpaka akawa amepiga magoti, kiganja kikiwa tumboni, na Sanatu aliona kwamba jina lilikuwa tayari liko ulimini mwake, jina la yule muuguzi wa kliniki ambaye hakuwahi hata kumsalimia vizuri, na kwamba hakuna mtu duniani ambaye angejua, na leseni ingekuja kwenye bahasha yenye mhuri, na angeiweka kwenye fremu mamake aitazame, na pengine angelisema jina lile kama swali lisingekuwa swali la mtihani, kwa sababu miaka mitatu walikuwa wamemkaririsha kitu kimoja kwa kila swali, kabla ya kufunika, kabla ya kuita, kabla ya kufanya lolote: kwanza mpime mgonjwa.

Hakuwa amempima. Siku ya nane, ile ya mwisho aliyokuwa naye, wagonjwa walikuwa wengi, mchana ulikuwa wa joto, naye alitazama mstari wa juu kwenye chati, mapigo themanini na nane, akayaandika tena themanini na nane bila kuugusa mkono wa Mma. Kesho yake alasiri Mma alikufa. Hili hakumwambia mtu, hata Afa.

Alipiga magoti pembeni ya godoro akaushika mkono ule. Ulikuwa baridi kama mtungi. Mapigo yalikuwepo. Aliyahesabu kwa saa ya kifuani, na yalikuja yenyewe kumlaki, mamoja, sawasawa, na akajua kabla dakika haijaisha yatakuwa mangapi.

"Themanini na nane," sauti ilisema kwa upole. "Andika."

Ndipo alipotazama mkono wake mwenyewe. Kwa hofu alikuwa ameushika mkono ule kwa kidole gumba. Hili hufundishwa wiki ya kwanza kabisa: gumba lina mapigo yake lenyewe, ukilitumia unahesabu moyo wako. Akaliondoa gumba. Akaweka vidole vitatu chini ya mfupa, mahali pake hasa, akasubiri, sekunde kumi hakuna kitu, ishirini hakuna kitu, na chini ya vidole vyake ngozi ile ikaanza kusukumasukuma ikitafuta gumba liko wapi, na mkono ukajikunja ili ulifikie, na ile sauti yake mwenyewe ikaanza kusoma maswali mengi kwa pamoja, ya figo na ya moyo na ya majimaji ya mapafu, haraka, moja juu ya lingine, na yeye akaendelea kutazama mshale wa saa ukizunguka, arobaini, hamsini, mpaka dakika ikatimia nzima bila pigo hata moja.

"Hana mapigo," alisema Sanatu. Aliweka kiganja mgongoni, hakikupanda wala kushuka. "Hana pumzi. Daktari alikwisha kutangaza. Nilibaki mimi."

Akamlaza. Kumlaza ilikuwa kumgeuza, na kumgeuza ilikuwa kumtazama. Uso ule ulikuwa na yale tu aliyoyaandika: macho yasiyo ya manjano, midomo isiyokauka, ulimi msafi. Masikio hakuyaandika popote, na hayakuwepo.

Alifanya kama mtu anayefanya mtihani wa vitendo, hatua kwa hatua, akitaja kila hatua kwa sauti. Alinyoosha miguu. Alifumba macho, nayo yalifumbuka, akayafumba tena na kuyashikilia kwa pamba iliyolowa mpaka yakatulia. Alifunga taya kwa bandeji kutoka kidevuni hadi utosini, na maswali yakakatika katikati ya neno. Alifunga vidole gumba vya miguu pamoja. Alichukua kipande cha plasta akaandika: Lamnatu, miaka hamsini na minane, wodi ya upasuaji ya wanawake, kitanda namba saba. Alhamisi, siku ya tisa, saa tisa na dakika kumi alasiri. Akakibandika kifuani. Kisha akavuta shuka kutoka miguuni hadi juu ya uso.

Shuka ilikaa kidogo ikiwa na umbo la mtu. Halafu ilishuka, sehemu baada ya sehemu, mpaka ikalala juu ya godoro.

Kisomo cha Afa kilirudi masikioni mwake, karibu kabisa. Nyuma yake Zuwera alisema kwa sauti ya kawaida, ya mtu aliyechoka, "Sista, tumbo."

Walimfikisha hospitali kwa pikipiki ya matairi matatu, Sanatu akiwa amemshikilia magoti yamekunjwa njia nzima. Madaktari walimkuta utumbo umetoboka mahali pamoja. Alitolewa nyuzi siku ya kumi na mbili.

Ijumaa, kesho yake baada ya ziara ile, Sanatu alikabidhi kisa. Alikuwa amepiga mstari mwekundu juu ya kurasa kumi na saba, moja moja, na chini ya siku ya nane ameandika kwamba mapigo hayakuhesabiwa, na chini ya siku ya tisa kwamba mgonjwa alifariki. Ukurasa wa vitone haukuwemo tena. Madam Kande alisoma akiwa amesimama, kama kawaida yake, na aliporudia ukurasa wa mwisho mara ya tatu akakaa.

"Unajua maana yake."

"Ndiyo, Madam."

"Mtihani hufanyi mwaka huu. Na barua itaingia kwenye faili lako, itakaa humo. Popote utakapoomba kazi wataisoma."

"Najua, Madam."

"Nani amekulazimisha kuyasema?"

Sanatu alimweleza kuhusu Zuwera. Alitarajia kukatizwa. Alipofika kwenye chumba cha duara aliona mkufunzi hatazami tena jalada, na kwamba kalamu aliyoishika ilikuwa inagonga meza, taratibu, bila yeye kujua. Alipomaliza, Madam Kande aliinuka, akafunga mlango wa ofisi, akabaki ameushika ufunguo.

"Mgonjwa wangu alikuwa wa tezi la shingo," alisema kwa sauti ambayo Sanatu hakuwahi kuisikia kwake. "Alikufa kwenye meza ya upasuaji. Miaka kumi na tisa sasa. Nilibakiza siku nane nikabidhi kisa."

Nje wanafunzi wa mwaka wa kwanza walikuwa wanapita wakicheka.

"Madam, ulimkabidhi kwa nani?"

"Ilihitajika jina. Nikaandika la mdogo wangu. Niliona ni la kujazia tu." Aliuweka ufunguo mezani. "Yuko kwangu. Hajaolewa, hajavuka geti. Asubuhi ni mzima, tunakunywa uji tunaongea. Mchana anabeba maji."

Saa ya ukutani ilikuwa saa sita kasoro dakika ishirini. Madam Kande alichukua mkoba wake, akaurudisha mezani, akauchukua tena. Kisha akakunja mkono wa gauni lake na kuuweka mbele ya mwanafunzi, kiganja kikiwa juu.

"Nionyeshe," alisema. "Hivyo vidole uliviweka wapi?"